Tangi la mimea: kwa nini samaki ndio wa mwisho kuingia

Fundi alimfungia shemeji yangu tangi la kioo sebuleni siku ya Ijumaa: urefu sentimita 150, upana 60, kimo 60. Jumamosi asubuhi shemeji akalijaza maji ya bomba, mchana akachomeka mimea, na kabla ya magharibi samaki 40 walikuwa ndani wakipishana kama daladala za Kariakoo. Jumapili wageni walikuja, wakapiga picha. Siku ya tisa walikuwa wamebaki samaki sita, wote wamepanda juu, midomo nje ya maji, wanahema. Mkewe akasema ni kijicho cha wale wageni. Yeye akasema ni dawa ya maji ya bomba. Kijana wa dukani akasema ni fangasi, akamuuzia chupa ya dawa ya buluu, na siku mbili baadaye tukawazika wale sita chini ya mpapai.

Nilipokwenda kumpa pole nilimuuliza swali moja tu. "Shem, amonia ulipima?" Akanitazama kama niliyemuuliza habari za mwezini.

Ninamsimulia kwa ruhusa yake, maana hayuko peke yake. Simu zetu zimejaa video za matangi ya namna hii: msitu mzima chini ya maji, majani mabichi, vijisamaki vyekundu vinapita kwa makundi. Mtindo huo ulipata umaarufu duniani kwa kazi ya Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyefariki 2015. Kazi yake kubwa ya mwisho iko kwenye jumba la viumbe wa majini la Lisbon, Ureno, na ni tangi la maji baridi lenye urefu wa mita 40 na maji lita 160,000. Ukiliona unatamani la kwako, hata dogo. Video hazikuonyeshi zile wiki za mwanzo, ambapo ndani ya tangi mna maji, mchanga na majani tu, na mwenye tangi amekaa mbele yake hana la kuangalia.

Wiki hizo ndizo makala hii inazihusu.

Maneno machache kwanza

"Maji baridi" hapa maana yake ni maji yasiyo ya chumvi, kama ya mto au ziwa. Nasema hivyo kwa sababu nimewahi kumkuta mtu anatia barafu kwenye tangi, akiamini samaki wa maji baridi wanataka ubaridi. "Tangi la mimea" ni tangi ambalo mimea hai ya majini imeota ndani yake na inafanya kazi. Maua ya plastiki hayahesabiki. "Kichujio", ambacho mafundi wengi wanakiita filta, ni chombo kinachovuta maji, kinayapitisha kwenye sponji au vijiwe vyenye matundu, kisha kinayarudisha tangini. Watu wengi hukiona kama chujio la chai: kazi yake kunasa uchafu. Hiyo ni kazi yake ndogo. Kazi yake kubwa ni kuwa nyumba ya bakteria, na tutafika huko.

"Kubwa" nalo linahitaji kipimo. Mimi huita kubwa tangi lililozidi lita 300. Na hapa pana imani ya kwanza ya kuondoa: kwamba anayeanza aanze na dogo, lile bakuli la mezani, kisha akizoea apande. Ni kinyume chake. Mwaga kijiko cha chumvi kwenye kikombe cha chai, halafu mwaga kijiko kama hicho kwenye sufuria la pilau ya harusi. Kosa ni lilelile, lakini pilau haijui. Samaki akifa usiku nyuma ya jiwe ndani ya lita 20, asubuhi umewapoteza wenzake pia. Ndani ya lita 500 una siku moja au mbili za kugundua. Joto nalo hupanda na kushuka polepole kwenye maji mengi.

Ubaya wa tangi kubwa ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. La shemeji, likijazwa karibu na ukingo, lina maji yasiyopungua kilo 450. Kioo cha mili 12 kinaongeza kilo mia hivi. Mchanga na mawe kilo mia nyingine. Jumla ni kama mifuko 13 ya saruji iliyowekwa mahali pamoja na isiyoondoka. Meza ya televisheni haibebi hiyo. Unahitaji stendi ya chuma au matofali, sakafu iliyonyooka, na kwa wanaokaa ghorofani, kando ya ukuta unaobeba nyumba, si katikati ya chumba. Kuhusu kioo, jambo la kuangalia sana ni kimo cha maji. Maji husukuma kwa kadiri ya kina chake, ndiyo maana bomba la chini ya tangi la mnarani linatoka kwa nguvu hata kama tangi lenyewe ni jembamba. Fundi akikwambia anaongeza kimo kutoka sentimita 60 hadi 80 "kwa kioo kilekile", mkatalie.

Choo na sebule chumba kimoja

Sasa turudi kwenye mpapai.

Samaki anakula, na mabaki ya chakula mwilini mwake anayatoa kama amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua anapopumua. Mtoni amonia hiyo inachukuliwa na mkondo na kupotelea katika maji yasiyo na idadi. Tangini haina pa kwenda. Samaki analala, anakula na kujisaidia ndani ya chumba hichohicho, na hewa anayovuta ni maji yaleyale. Amonia inaunguza matamvua. Haina rangi, na kwa kiasi kinachoua samaki huwezi hata kuinusa. Hapa ndipo imani ya pili inapoanguka: kwamba maji yakiwa maangavu basi ni salama. Chumvi ikishayeyuka kwenye mchuzi unaiona?

Wanaotuokoa ni bakteria. Kundi la kwanza linakula amonia na kutoa kitu kiitwacho naitraiti. Kundi la pili linakula naitraiti na kutoa naitreti. Majina yanafanana kama mapacha, lakini tabia zao ni mbali. Naitraiti ni sumu. Inaingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni, kwa namna inayofanana na moshi wa jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa: hewa ipo, lakini damu imeshikwa, haiichukui. Ndiyo sababu wale sita walikuwa juu wanahema ingawa pampu ya hewa ilikuwa inatoa mapovu usiku na mchana. Naitreti, mwisho wa safari, ni ya upole. Mkulima anaijua: ndiyo N ya mwisho katika jina la mbolea ya CAN. Mimea inaipenda, na ile inayozidi unaitoa kwa kubadilisha sehemu ya maji.

Tatizo ni kwamba bakteria hao hawaji na maji ya bomba kwa wingi wa kutosha, na wanazaliana taratibu. Kwa kawaida inachukua wiki nne hadi sita mpaka wajae kwenye sponji ya kichujio. Anayetia samaki 40 siku ya kwanza ni sawa na aliyejenga nyumba ya wapangaji 40 kabla hajachimba choo.

Kuna njia ya kufupisha, na kila aliyekulia kwenye nyumba yenye ng'ombe anaijua. Ukitaka maziwa yagande haraka unatia kijiko cha mgando wa jana. Vivyo hivyo, ukipata kipande cha sponji chafu kutoka kwenye kichujio cha tangi la mwenzako lililokomaa, lenye samaki wazima, ukakiweka ndani ya chako kingali kimelowa, umehamisha mbegu. Wiki sita zinaweza kuwa mbili. Ila kisikauke njiani, na usikisuuze kwa maji ya bomba, maana klorini iliyowekwa kuua bakteria wa magonjwa haichagui.

Bakteria wanahitaji chakula hata kabla ya samaki. Tia chembe za chakula cha samaki kila siku, kidogo tu, vioze. Nunua kipimo cha matone; kinauzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo, na ukiwa nacho huhitaji kubahatisha. Utaona amonia inapanda, kisha inashuka huku naitraiti ikipanda, kisha na yenyewe inashuka. Siku amonia na naitraiti zote zinaposoma sifuri, na naitreti inaonekana, choo kimekwisha kuchimbwa. Katikati ya safari hiyo maji yanaweza kuwa meupe kama ya kuoshea mchele kwa siku kadhaa. Yaache. Ni bakteria wengine wanaoelea, watapungua wenyewe. Wengi hapo ndipo wanapomwaga maji yote, wakasugua kila kitu kwa sabuni, wakarudi siku ya kwanza bila kujua.

Jambo moja zaidi la amonia, kwa sababu linaeleza mafumbo mengi. Ukali wake unategemea uchachu wa maji, ule unaopimwa kwa namba ya pH. 7 ni katikati, chini yake ni maji yenye asidi, juu yake ni ya magadi. Maji yakiwa ya chini ya 7, karibu amonia yote inageuka kuwa sura isiyodhuru sana. pH ikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sura kali inaongezeka karibu mara kumi. Kwa hiyo majirani wawili wanaweza kuwa na uchafu uleule, mmoja anatumia maji ya mvua na samaki wake wanaishi, mwingine anatumia maji ya kisima cha pwani chenye chokaa na wake wanakufa. Hakuna aliyelogwa.

Mimea inafanya nini hasa

Mwaka 1850 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alieleza jaribio lake: aliweka samaki wa dhahabu wawili kwenye chombo cha kioo pamoja na mmea wa majini wenye majani kama utepe, na baadaye akaongeza konokono wa kula majani yaliyooza. Vikaishi pamoja. Kutoka hapo likazaliwa wazo la "tangi lililosawazika": mmea unampa samaki hewa, samaki anaupa mmea mbolea, wewe kaa tu utazame. Ni wazo zuri, na lina ukweli ndani yake. Lakini limekuja kunukuliwa vibaya hadi muuzaji anakwambia, "Bosi, ukishakuwa na mimea huhitaji pampu."

Mchana, taa ikiwaka, ni kweli mimea inatoa oksijeni, na utaona vipovu vidogo vimekaa juu ya majani. Usiku inageuka kuwa kama wewe na mimi: inavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Usiku wa joto, tangi limejaa mimea na samaki, saa ya hatari ni kabla ya alfajiri. Na maji ya moto yanashika oksijeni kidogo kuliko ya baridi: kwenye nyuzi 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi, kwenye nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Dar es Salaam ya Januari, sebule isiyo na kiyoyozi, nyuzi 30 si habari. Kwa hiyo uso wa maji lazima uwe unatikisika wakati wote, kwa pampu ya hewa au kwa mdomo wa kichujio ulioelekezwa juu.

Faida kubwa ya mimea ambayo haisemwi ni nyingine: inakula amonia moja kwa moja, haisubiri bakteria. Tangi lililojaa mimea inayokua haraka tangu siku ya kwanza ni salama kuliko tangi tupu. Ndiyo maana napanda nyingi mwanzoni, hata kama baadaye nitang'oa nusu. Jina la huo mmea wa utepe ni valisineria, na hatuhitaji kuuagiza Ulaya. Unaota katika Ziwa Tanganyika na Ziwa Victoria. Mwingine unaoelea bila mizizi, wenye majani membamba kama brashi ya kuoshea chupa, unapatikana kwenye mabwawa mengi.

Hapa niweke tahadhari ambayo haimo kwenye video za Kijapani. Ukichota mimea bwawani unaweza kuchota na konokono wa kichocho. Usiingie bwawani miguu mitupu, tumia glavu ndefu, kisha mimea uikague jani kwa jani na kuiweka kwenye ndoo ya pembeni wiki kadhaa kabla haijaingia sebuleni. Konokono aliyezaliwa ndani ya tangi lako hawezi kukupa kichocho, maana vimelea humwingia kutokana na mkojo au kinyesi cha mtu mgonjwa kinachofika majini. Wa kuogopwa ni yule aliyekuja tayari anavyo. Nikipata mimea ya dukani iliyooteshwa kwenye maji safi, naichukua hiyo, nalala usingizi.

Mimea ya dukani nayo ina mshangao wake. Mingi huoteshwa majani yakiwa hewani. Ukiizamisha, majani ya zamani yanageuka kahawia na kuyeyuka ndani ya wiki mbili. Shemeji aliing'oa akidhani imekufa. Mzizi ulikuwa mzima kabisa. Unakata majani yaliyooza, unasubiri, na majani mapya yanayotoka ni ya kuishi majini. Mmea ninaoupendekeza kwa asiye na subira ya kutunza ni anubiasi, wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi: majani magumu, unakua polepole, hauhitaji taa kali. Shina lake nene usilifukie mchangani, litaoza; lifunge kwa uzi juu ya gogo au jiwe.

Udongo, mawe, taa

Mchanga tumia wa mto, uoshwe mpaka maji yatoke maangavu, na uwe na unene wa sentimita sita au saba kwa mimea yenye mizizi. Wengine huweka chini yake tabaka la udongo wa shamba usio na samadi. Inafaa sana, mimea inanawiri, ila ukishaufunika usiufukue tena kwa fujo, utapata tope la wiki nzima. Mchanga wa bahari una vipande vya simbi na matumbawe, navyo vinayeyusha chokaa ndani ya maji na kupandisha pH. Jiwe lolote usilolijua lijaribu kwa ndimu: kamulia matone machache, likitoa povu lina chokaa. Kwa samaki wa Tanganyika jiwe hilo ni rafiki. Kwa samaki wa misitu ya Kongo au Amazoni liache nje.

Taa ndiyo inayowaharibia wengi baada ya kuvuka ule mtihani wa amonia. Wanaiwasha tangu asubuhi hadi wanapolala, wakiamini mimea inataka mwanga mwingi, au wanaliweka tangi dirishani. Baada ya wiki tatu kioo kimevaa joho la kijani. Huo ni mwani, mmea mdogo usio na mizizi, na hauna fumbo lolote: mwanga ukizidi uwezo wa mimea yako, mwani unachukua kilichobaki. Muda wa saa saba kwa siku unatosha kuanzia. Nunua swichi ya saa inayowasha na kuzima yenyewe, maana sisi binadamu tunasahau.

Na ule mtungi wa hewa ya ukaa unaouona kwenye video? Mimea hujenga mwili wake kutokana na hewa hiyo, na maji ya kawaida yana kidogo mno, chini ya miligramu moja kwa lita yakiachwa wazi. Wapambaji wa matangi huipandisha hadi karibu 30, na hapo mimea migumu kuotesha, ile myekundu na ile ya zulia, inanawiri. Ukiizidisha samaki wanakosa pumzi. Kwa anayeanza, achana nayo. Mimea niliyoitaja juu haiihitaji, na fedha ya mtungi ni afadhali iende kwenye kichujio chenye nguvu ya kuzungusha maji yote mara nne au tano kwa saa.

Sasa samaki

Kila mtu ana wazo lake. Langu ni tangi la Mto Kongo, kwa sababu mimea na samaki wake wanaelewana na kwa sababu ni wa bara letu. Tetra wa Kongo, aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1899, anafika sentimita nane hivi. Ubavu wake unang'aa rangi za upinde wa mvua na dume ana mapezi marefu kama pindo la kanzu. Ni mwoga akiwa peke yake, hivyo akae kwenye kundi la kumi au zaidi. Chini yake weka gogogo wadogo watano au sita wa aina ile ya Kongo inayoogelea kichalichali. Samaki huyo amegeuka kiasi kwamba tumbo lake ndilo lenye rangi nyeusi kuliko mgongo, na anatembea chini ya majani akiokota chakula kama mtu anayepaka rangi dari. Nimeshawahi kuitwa na mgeni usiku kwamba "samaki wako mmoja kafa, kageuka." Alikuwa anakula.

Ukipenda samaki wa maziwa yetu, jua kwanza utagombana na mimea. Mbuna wa Ziwa Nyasa wanakwangua na kutafuna majani. Wengi wa Tanganyika wanachimba mchanga. Perege ataimaliza bustani yako kwa wiki moja. Si samaki wabaya, na wapo watu Ulaya wanaowalipia fedha nyingi, lakini wao watengenezee tangi la mawe, na ukitaka kijani weka anubiasi na valisineria tu. Samaki wa dhahabu naye ni mla majani, na huyo mdogo wa kwenye mfuko hukua kupita kiganja.

Kuna sheria inayozunguka madukani: sentimita moja ya samaki kwa lita moja ya maji. Kwa visamaki vidogo vyembamba inasaidia kidogo. Kwa wakubwa inadanganya, kwa sababu samaki akirefuka mara mbili uzito wake unaongezeka kama mara nane, na chakula na kinyesi hufuata uzito. Ng'ombe mmoja si mbuzi watatu waliopangwa foleni. Halafu ipo ile ya kwamba samaki hukua kulingana na tangi. Asiyekua ndani ya tangi dogo amedumaa, kama mtoto aliyedumaa kwa lishe duni, na hufa mapema. Yule mnayemwita "msafishaji", mwenye mdomo wa kunata kiooni, anauzwa akiwa na sentimita tano, na aina ya kawaida hufika 40. Anakula mwani akiwa mdogo. Kinyesi hali, cha wenzake wala chake, na chake ni kingi.

Kwa tangi la shemeji tulipanga hivi: tetra wanane kwanza. Baada ya wiki mbili, ukipima na kukuta amonia sifuri, wengine wanane. Baada ya wiki mbili tena, gogogo. Kisha basta. Bakteria wanalingana na kazi waliyoizoea. Ni kama mama lishe aliyepika sahani 20, ukimshushia basi la watu 60 hata awe hodari vipi chakula hakitoshi. Ukifika na mfuko wa samaki uelee tangini dakika 15 ili joto lilingane, changanya maji kidogokidogo, kisha wahamishe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwage nje.

Kwa joto la pwani, feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi mbili tatu, kwa siri ileile ya mtungi wa udongo: maji yanayopaa yanaondoka na joto. Utajazia yaliyopungua. Nairobi, Arusha au Mbeya shida ni kinyume, huko utahitaji hita.

Baada ya hapo kazi ni ndogo lakini haina likizo. Kila wiki unatoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyokaa kwenye pipa wazi usiku kucha ili klorini iondoke, au yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini. Na kama mamlaka ya maji ya kwenu inatumia kloramini, kulaza pipa hakusaidii, dawa ni lazima. Sponji ya kichujio unaikamua ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si bombani. Chakula ni kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Umeme ukikatika nusu siku, bakteria waliofungiwa ndani ya kichujio wanakosa hewa na kuanza kufa. Kabla ya kukiwasha tena kifungue, mwaga maji yaliyolala humo, suuza. Mimea uliyopunguza ikaushe juani au ifukie shambani. Usiitupe mtoni. Gugumaji lilitoka Amerika Kusini kama ua la kupendeza, na watu wa Mwanza na Kisumu wanaweza kukueleza lililofuata tangu lilipoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980.

Shemeji ameanza upya. Wiki sita alikaa na tangi lenye majani matupu, kipimo cha matone pembeni na daftari la shule ambamo alikuwa anaandika namba kila jioni. Wageni waliuliza samaki wako wapi, akachoka kueleza, akawa anawaambia wamesafiri. Tetra wanane wa kwanza waliingia Jumamosi iliyopita. Wakaenda moja kwa moja nyuma ya gogo lenye anubiasi na kujificha siku mbili. Sasa wanatoka asubuhi taa ikiwaka, na binti yake wa miaka mitano anawahesabu kwa kidole kwenye kioo. Hajafanikiwa kufika nane, kwa sababu hawatulii.